Tulivyowapeleka Watazamaji Nanyuki

Tangu nirudi sijakaanga chapati hata moja bila mtu kusimama mlangoni na kuniuliza, "Halima, kwani ilikuwaje huko?" Nimemsimulia Mama Salma, nikawasimulia wenye duka la vitambaa, nikasimulia hadi msikitini upande wetu wa wanawake mpaka nikaambiwa ninyamaze. Kila ninaposimulia nasahau kipande. Basi nimeona niandike yote kwa mkupuo mmoja, msome wenyewe, kisha mniache nipike.

Ugonjwa wangu mnaujua. Ninyi hapa Majengo mna mpira wenu wa Ulaya, mimi nina riadha. Mtu akikimbia, hata akiwa anakimbilia mvua, mimi nitasimama nimtazame.

Kwa wasiojua mambo yalianzia wapi, ni hivi. Kamati ya riadha kutoka Nairobi ilikuwa inatafuta mji wa kuandaa mashindano makubwa ya nchi nzima mwaka ujao. Ilibaki miji miwili, Nanyuki na mji mmoja wa pwani. Pwani wana uwanja mpya wenye viti vya rangi. Sisi tuna mlima na wakimbiaji. Lakini kamati ilikuwa na shaka: ati watu wa huku hawaji kutazama. Tunajua kukimbia, hatujui kushangilia. Wakasema wataleta mashindano ya kanda Nanyuki Jumamosi moja, wahesabu watazamaji, halafu waamue.

Aliyewasumbua mpaka wakakubali kuja ni Mwalimu Gathogo wa Kiriaini. Wengine mnamkumbuka, alifundisha michezo hapa Nyeri tukiwa watoto. Mimi alinifundisha kukimbia nikiwa darasa la sita, miguu mitupu, na yeye akikimbia kando na filimbi mdomoni. Sasa ana miaka sabini na moja. Maisha yake yote amechora mistari ya chokaa kwenye nyasi za shule, na kila mtoto aliyemkuza ameondoka kwenda kukimbilia mahali ambapo hakuna anayemjua. Aliandika barua kwa kamati miaka mitatu. Katika ile ya mwisho alitoa ahadi kwamba watu watakuja.

"Nimewapa neno langu," aliniambia kwa simu. "Sasa Halima, nisaidie nisikuwe mwongo na hizi mvi."

Mngefanya nini? Nilifunga kibanda changu Alhamisi nikaenda.

Nyeri hadi Kiriaini

Basi lilikuwa la manjano, zamani la shule fulani, na dereva wake alikuwa Kariuki. Kariuki ni mtu mzuri lakini hana haraka ya kitu chochote duniani. Tulikubaliana saa mbili asubuhi. Alifika saa tatu na nusu, akashuka, akazunguka gari akipigapiga magurudumu kwa kiatu, akaniambia, "Mama, tuko na siku mzima."

Nilimwambia siku nzima ni yake, mimi nina watu wa kuwachukua.

Barabara ya Othaya mnaijua, inapanda na kushuka na kona hazina hesabu. Mvua ilikuwa imenyesha, na kila kijumba cha kuuza maziwa kilikuwa na mtu anayemjua Kariuki. Alisimama kwa kila mmoja. Nilikasirika mpaka nikachoka kukasirika, nikaanza kutazama mashamba. Na kwa kweli, nyinyi mnaokaa mjini mwaka baada ya mwaka, nendeni mkaone ile chai ikiwa imetoka kuoshwa na mvua. Nilisahau hasira kwa dakika kumi hivi.

Tulifika kwa Mwalimu saa sita. Mkewe, Mama Wangari, alitupokea kwa mikono miwili, akatukalisha, akatupa chai. Ikapita saa moja. Nilisikia njaa ikinong'ona tumboni lakini jikoni hapakuwa na harufu ya kitu. Mwalimu anatazama mkewe, mkewe ananitazama mimi, mimi natazama picha za ukutani. Nikajisemea, hawa watu wamesahau kwamba mgeni hula.

Mwishowe Mama Wangari akaniita nje. Nyuma ya jikoni palikuwa na jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa mguu kwa kamba, na kando yake kisu kipya kabisa juu ya sahani safi.

"Tumekungoja," akasema. "Tulijua wewe ni Muislamu, huwezi kula kuku yetu tukichinja sisi. Kwa hivyo hii kuku ilikuwa inangoja wewe. Maji iko moto tangu asubuhi."

Jamani. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kukimbia, vyote pamoja. Kwa maana kuna jambo ambalo nimewaficha miaka yote hii: mimi Halima, ninayewapikia pilau ya kuku kwenye harusi zenu zote, sijawahi kuchinja. Kuku huletwa tayari. Kuku mzima akinitazama machoni naweka kisu chini. Nikamwambia Mama Wangari ukweli.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alimfungua jogoo, akamtia kwapani, akatoka naye hadi sokoni Kiriaini, kilomita mbili kwa mguu, kumtafuta Muislamu. Alimpata muuza mitumba mmoja aliyekubali kufunga duka lake, akaja naye nyumbani wakimpakata jogoo kwa zamu. Yule bwana alichinja, akala nasi, akasema hajala chakula cha heshima namna hiyo tangu ahamie huko. Tulikula saa kumi jioni. Sijawahi kungoja chakula muda mrefu hivyo bila kugombana na mtu.

Kiriaini hadi Nanyuki

Ijumaa tulipaswa kuondoka saa mbili. Mwalimu alikuwa na watu thelathini na wanane kwenye daftari lake, wengi wao akina mama wachuma chai. Saa mbili ilifika, hakuna mtu. Mwalimu amesimama kando ya basi na koti lake la kijivu, filimbi shingoni, anatazama barabara.

"Watakuja," akasema.

"Saa ngapi?"

"Wakimaliza kupima majani."

Kumbe wale akina mama waliamka alfajiri wakaenda shambani kwanza. Jani lililo tayari haliachwi lilale mtini, hata kama unaenda kuona nini. Na ukishachuma, huwezi kuliacha kituoni bila kupimwa mbele ya macho yako. Nikaenda hadi kituo cha majani nione. Walikuwa kwenye foleni na vikapu mgongoni, na chini ya aproni za plastiki wamevaa nguo za Jumapili, vitambaa vya kichwa vimepigwa pasi. Karani alikuwa anapima taratibu kama anapima dhahabu. Nilipomwomba aharakishe alinijibu bila kuinua macho, "Mama, mizani haikimbii."

Tuliondoka saa tano. Lakini wote thelathini na wanane walikuwa ndani.

Sitawachosha na yote ya njiani. Karatina walitaka kusimama wanunue ndizi, nikakataa, wakasimama. Baada ya Naro Moru mlima ulijitoa mawinguni mzima. Wazee wawili walivua kofia. Kariuki naye akapunguza mwendo, na mara hiyo sikumharakisha.

Karibu na Nanyuki likatokea jambo la kuchekesha. Mnajua kule kuna kambi ambapo wanajeshi wa kigeni hufanya mazoezi. Wawili wao walikuwa wanakimbia kando ya barabara, kaptura fupi, nyuso nyekundu kama nyanya. Akina mama wa Kiriaini hawakuwa wamewahi kuwaona. Mmoja akapiga kelele, "Hao ndio wameanza!" Kabla sijafungua mdomo, madirisha yote yalikuwa wazi na vichwa viko nje. Vigelegele, makofi, "Songa! Songa! Usiangalie nyuma!" Mwalimu naye akapiga filimbi, na nadhani alisahau kabisa yuko wapi. Wale vijana wakashtuka. Halafu mmoja akatabasamu, akaongeza mwendo, na mwenzake akamfuata, wakashindana mbele yetu mpaka kwenye daraja, na basi zima likawa linatetemeka. Aliyeshindwa alitupungia mkono ameinama, anahema.

Nilimtazama Mwalimu nikamwambia, "Na hawa ndio kamati inasema hawajui kushangilia?"

Alikuwa anafuta macho kwa leso.

Nanyuki hadi Timau

Watu wetu tuliwaacha kwenye ukumbi wa kanisa moja ambapo wangelala. Mimi, Mwalimu na Kariuki tukaendelea hadi Timau, kwa sababu Mwalimu alikuwa na hesabu yake: mashamba ya maua ya kule yana wafanyakazi wengi, na wakiachiliwa Jumamosi wanaweza kujaza upande mmoja wa uwanja peke yao.

Baada ya Nanyuki nchi inafunguka. Ngano upande huu, ngano upande ule, na upepo wa baridi unaingia hadi kwenye mifupa. Nilijifunika shuka mbili na bado meno yaligongana.

Msimamizi wa shamba tulilolifikia alitupokea getini kwa uso wa huzuni. Alimshika Mwalimu mkono kwa muda mrefu. Akaniangalia mimi na shuka zangu, akatikisa kichwa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mnataka nyeupe peke yake ama tuchanganye?"

Ilituchukua dakika nzima kuelewa kwamba alidhani tumefiwa tumekuja kununua maua. Wazee wenye makoti wanaofika na basi jioni, ati hilo ndilo huwaleta. Tulipomweleza kwamba hatujafiwa, tunataka watu wake waende kutazama mbio, alichukia kidogo, kama mtu aliyepoteza huruma yake bure.

"Jumamosi ni siku ya kukata," akasema. "Maua haijui mbio."

Hapo ndipo nilipoanza kupandisha sauti, mnanijua. Lakini kabla sijafika mbali akatoka mwanamke mwembamba mrefu, glavu nene mikononi, akasimama mbele ya Mwalimu akainama kidogo kumsalimu. Anaitwa Kendi. Ana watoto wawili, anakata waridi humo shambani mwaka wa saba sasa, na kesho yake alikuwa ameandikishwa kukimbia mita elfu kumi, mbio ya mwisho ya siku. Mwalimu ndiye aliyemfundisha, kwa kwenda Timau kila baada ya Jumapili mbili kwa nauli yake mwenyewe.

Kendi alimwambia msimamizi, "Bosi, tukianza mapema tumalize yote, utatuachilia?"

"Yote?"

"Yote. Hakuna mtu atawacha laini yake."

Msimamizi akafikiri. Mwishowe akakubali: wakianza alfajiri na kila mtu akamaliza mistari yake, watoke saa tano. Mwalimu alishukuru mpaka nikaona haya. Tukiwa tunaondoka nilimvuta Kendi kando.

"Wewe si utakaa kesho upumzike? Wenzako watakukatia."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mama, nimetoa neno kwa kila mtu. Mimi nikilala, nani ataamini?"

Uwanjani

Jumamosi asubuhi nilisimama kwenye lango la uwanja wa Nanyuki, na jamani watu walikuja. Naapa walikuja! Walitoka Naro Moru, Chaka, Mweiga, na kutoka hapa kwetu Nyeri niliona nyuso za Majengo ambazo hazijawahi kunisikiliza nikizungumza habari za riadha. Walikuja wakulima na fimbo zao, wamama wa kanisa na sare zao, mashekhe wawili wa msikiti wa Nanyuki. Saa tano na nusu lori tatu za Timau ziliingia, watu wamesimama wakiimba, mikono yao bado ya kijani kwa kukata maua. Mwalimu alikuwa ananihesabia kwa vidole kama mtoto.

Nikatengeneza chai ya wageni, maana kamati ilikuwa imefika, nikampelekea yule mkuu wao, Bi Nafula. Mama wa makamo, miwani, kamera, na fomu kwenye ubao. Alikuwa na uso wa mtu aliyekata tamaa.

"Mama, asante," akasema. "Lakini watu wako wapi?"

Nikadhani haoni vizuri. "Si hao!"

"Nawaona kule kwa kona. Fomu yangu inauliza walioketi jukwaani. Napiga picha mara mbili, fainali ya kwanza ikianza na mbio ya mwisho ikiisha. Hii ya kwanza nimeshapiga." Akanionyesha.

Nikageuka nikatazama jukwaa. Lilikuwa tupu. Namaanisha tupu kabisa, viti safu baada ya safu chini ya paa, na juu yake wageni sita wa kamati wamekaa kama watu waliopotea. Na watu wetu, ule umati wote, walikuwa wamesimama nyuma ya kamba upande wa pili, juani, wamebanana, wazee na fimbo zao, hakuna aliyekaa.

Ninyi mmeshaelewa, kwa sababu ninyi pia mngefanya hivyo hivyo. Ni harusi gani, mchango gani, mazishi gani umeona mtu wa kawaida akienda kukaa chini ya hema kabla hajakaribishwa? Mahali penye kivuli na viti ni pa wageni. Watu walikuja, wakaona paa, wakaona viti, wakaona watu wenye beji, wakaenda zao ng'ambo kwa adabu. Na waliofika nyuma yao wakafuata waliotangulia.

Nilikimbia nikapanda jukwaani, nikakaa katikati peke yangu, nikaanza kupunga kanga. "Njooni! Njooni mkae!" Walinipungia pia. Mama mmoja wa Kiriaini alinionyesha kwa ishara kwamba nishuke. Halafu nikamwona Mwalimu mwenyewe anavuka nyasi, kofia mkononi, anatembea haraka.

"Halima, toka hapo," akaninong'oneza. "Unatuaibisha. Hapo ni pa wageni."

"Mwalimu, wanahesabu viti! Watu waliosimama hawahesabiwi!"

Nilimwona akielewa. Alitazama jukwaa, akatazama watu wake, na uso ukamwisha rangi. Miaka mitatu ya barua, na neno lake, vyote vilikuwa vinaharibiwa na adabu ambayo yeye ndiye aliyewafundisha nusu yao darasani. Nilimwonea uchungu kuliko ninavyoweza kuandika.

Tulimwomba mtangazaji. Akatangaza, "Wananchi mnaruhusiwa kuketi jukwaani." Hakuna aliyesogea. Baadaye waliniambia walidhani wananchi wanaotajwa ni wale wenye beji. Akatangaza mara ya pili. Mzee mmoja alipiga hatua mbili, akaona yuko peke yake, akarudi.

Ndipo Mwalimu akaomba kipaza sauti. Alikishika mbali na mdomo kama kitu kinachoweza kumwuma. Hakuwaambia habari za fomu. Alisema hivi:

"Watu wetu. Hawa wageni wametoka mbali, na wamekaa pekee yao. Hawana mtu wa kuongea na yeye. Wanafikiria tumewatenga. Kweli, sisi ndio watu wa kuwacha mgeni akae pekee yake?"

Nikasikia mama mmoja akisema, "Ngai! Mungu wangu, kumbe wako pekee yao?"

Walikuja wote. Walivuka chini ya kamba, wakasubiri kundi la mita mia nne lipite, wakaja kama maji. Kwa dakika chache jukwaa lilijaa mpaka ngazini. Wageni sita walizungukwa, wakapewa ndizi za Karatina, wakaulizwa habari za nyumbani kwao na idadi ya watoto. Mama wa Kiriaini alikuwa amekalia nusu kiti, na Bi Nafula amekalia nusu nyingine, anacheka. Akaniambia kwa sauti, juu ya kelele, "Picha ya pili itaokoa mambo!"

Nikashusha pumzi. Mwalimu alikaa kando yangu. Alikuwa hajui aweke mikono yake wapi.

Mchana wote ulikwenda hivyo, na sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Kila mkimbiaji alishangiliwa kwa jina la kijiji chake. Wakirusha mkuki, watu walikuwa wanainuka na mkuki na kukaa nao.

Saa tisa na nusu ikaja mita elfu kumi ya wanawake. Mizunguko ishirini na mitano. Kendi alianza vizuri, wa nne, wa tano. Kwenye mzunguko wa kumi nikaona mabega yake yamepanda. Kazi ya alfajiri ile shambani ilikuwa inadai haki yake. Wakaanza kumpita. Msichana wa kwanza alimaliza, wa pili, wa tatu, na wote wakamaliza, na Kendi alikuwa bado na mizunguko miwili. Peke yake uwanja mzima.

Wale wa Timau ndio walioshuka kwanza. Kendi alikuwa amefika kona ya mbali, na kutoka jukwaani sauti haimfikii vizuri, kwa hiyo waliinuka wakakimbia kuvuka nyasi hadi kule. Ndivyo tunavyotazama mbio huku tangu shule ya msingi, mtu hukimbia kutoka kona hadi kona amkute mkimbiaji wake. Kisha wakafuata wa Kiriaini. Kisha wote. Mashekhe walishika kanzu wakakimbia. Nilimwona msimamizi wa maua, yule wa uso wa huzuni, akikimbia sambamba na Kendi nje ya mstari, anapiga kelele, "Laini yako! Maliza laini yako!" Mimi nilikuwa nimeshafika kona ya pili kabla sijakumbuka jambo lolote.

Kendi alivuka mstari watu wakiwa pande zote mbili, analia, anacheka. Wenzake wakambeba.

Nikageuka. Jukwaa lilikuwa tupu, safu baada ya safu.

Na Bi Nafula? Alikuwa kando yangu kwenye kona, viatu mkononi, anahema, kamera inamning'inia shingoni. Alitazama jukwaa, akatazama fomu yake.

"Mama Halima," akasema, "sasa hapa nitaandika nini?"

"Andika ulichoona."

"Nafasi ya hicho haiko kwa fomu."

Hata hivyo alipiga picha yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa, na ni mtu mwaminifu. Kisha akageuza ukurasa akaandika nyuma kwa muda mrefu, mpaka jua likaanza kushuka upande wa Aberdare.

Kurudi

Njiani kurudi basi liliimba mpaka Karatina, ambako nilinunua ndizi mimi mwenyewe. Mwalimu hakuimba. Hakuwa na huzuni pia. Alikaa mbele na Kariuki, na Kariuki hakusimama hata mara moja.

Juzi Jumatano nikiwa kibandani nilimwona anaingia, amekuja kutoka Kiriaini bila kupiga simu, koti lile lile la kijivu. Akanipa barua ya kamati. Iliandikwa kwa heshima. Walisema hawajawahi kuona watu wanaopenda riadha kama sisi, na kwamba ripoti ya Bi Nafula ilisomwa kwa sauti katika kikao chao. Lakini televisheni inataka jukwaa lililojaa mwanzo hadi mwisho, na picha zote mbili zilionyesha viti vitupu. Mashindano yatakwenda pwani.

Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliitaja ile fomu, nikavitaja vile viti, nikaitaja televisheni na mama yake. Niligonga mwiko kwenye sufuria mpaka wateja wawili wakaondoka. Mwalimu alikunywa chai yake, akaomba ya pili.

Nilipochoka akatoa daftari. Lilikuwa na majina. La kwanza ni Mama Wangari. La pili ni langu. La tatu ni msimamizi wa maua, na chini yake wachuma chai, na watu wa Timau ukurasa mzima.

"Watoto wetu watakimbia huko," akasema. "Nani atawapigia makofi? Nimeongea na Kariuki."

"Mpaka pwani? Na Kariuki? Tutafika mbio zimeisha."

"Tutatoka siku mbili mbele."

Nilikaa chini. Nikawaza safari yenyewe, nikawaza joto, nikawaza ule uwanja mpya na viti vyake vya rangi. "Haya. Na tukifika, tutasimama wapi? Kwa kona?"

Mwalimu aliweka kikombe chini, akanyoosha koti lake.

"Hatusimami, Halima. Tutakaa, tena mbele kabisa. Huko wageni ni sisi."